Kuingia Si Kukaa: Acheni Kufunga Rimu kwa Macho

Wasee, leo naudhi pande mbili kwa posti moja, kwa hivyo wenye kutaka kunitusi pangeni laini vizuri, msisukumane.

Upande wa kwanza ni wazee wetu, wale wa "mimi nimeendesha tangu enzi za Peugeot 504", ambao wakisikia tu neno spesa wanaanza kuhesabu majeneza. Kwao spesa ni kifo, mjadala umeisha, lete chai. Upande wa pili ni sisi vijana wa ndai pamoja na mafundi wetu, tunaotoa rimu kwa gari moja na kuzifunga kwa lingine kwa kukadiria na macho, kisha fundi anafuta mikono kwa ovaroli na kutamka ile sentensi hatari kuliko zote kati ya Eldoret na Kitale: "Itaingia tu, boss."

Itaingia, sawa. Hata mguu wangu unaingia kwa kiatu cha ndugu yangu mdogo nikilazimisha. Kuingia si kukaa.

Msimamo wangu ni huu, na siurudishi nyuma. Spesa iliyopimwa, ya gari lako binafsi, si dhambi. Rimu iliyofungwa bila kupimwa ni hatari hata kama haina spesa. Na gari linalobeba watu kwa nauli halina biashara na spesa, iwe imepimwa au haijapimwa.

Najua komenti ya kwanza itasema nini: "Wewe si uliacha chuo? Utatufunza nini?" Ndio, niliacha chuo. Rula sikuacha.

Kwanza tuelewane kwa nini hii stori inatuhusu sisi wa Moi's Bridge. Tumekaa kwa barabara ya Eldoret–Kitale, juu ya mto Nzoia, katikati ya mashamba ya mahindi. Hapa gari si pambo. Probox inabeba mama wa soko asubuhi, magunia mchana, wanafunzi jioni, na Jumamosi inaoshwa ipigwe picha. Vijana wanataka moti ikae poa, na rimu ndiyo njia ya haraka ya kubadilisha sura ya gari. Rimu mpya ni bei, kwa hivyo tunanunua zilizotolewa kwa magari mengine. Leo set imetoka kwa Honda Fit iliyogongwa, kesho ni ya Subaru, kesho kutwa ni ya Nissan. Zote zina matundu, zote ni za mviringo, zote zinang'aa. Hapo ndipo macho yanakudanganya.

Rimu ina namba zake. Usipozijua, unacheza kamari na maisha ya watu. Nitazipitia pole pole.

Namba ya kwanza ni matundu na upana wa duara lake. Ukiona 4x100, maana yake ni matundu manne kwa duara la milimita 100. Probox ni 4x100. Honda Fit ni 4x100. Mazda Demio ni 4x100. Subaru Forester na Impreza nyingi tunazoziona huku ni 5x100. Gari nyingi kubwa za Toyota ni 5x114.3. Volkswagen Golf za karibuni ni 5x112. Rimu ya matundu manne ni rahisi kupima: chukua katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linaloliangalia. Ya matundu matano inasumbua kwa sababu hakuna tundu linaloangalia lingine. Dawa yake ni hii: pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa jirani yake. Ukipata milimita 58.8, hiyo ni 5x100. Ukipata 65.8, ni 5x112. Ukipata 67.2, ni 5x114.3.

Angalia hizo mbili za mwisho. Tofauti ni milimita 1.4. Nionyeshe fundi mwenye macho ya kuona milimita 1.4 jua la saa saba likiwaka. Ndiyo maana watu wanalazimisha rimu ya 5x112 kwa gari la 5x114.3. Nati mbili zinashika vizuri, tatu zinavuta bolti kando, na fundi anakuambia "itazoea". Chuma hakizoei, bana. Chuma kinachoka, halafu kinakatika.

Na kuna wale wa grenda. Nimesimama kwa karakana moja, jina naliweka, nikaona kwa macho yangu tundu za rimu zikipanuliwa hadi zikawa na umbo la yai. Mwenye gari alikuwa kando anachukua video. Huyo hajabadilisha rimu, ameiharibu.

Namba ya pili ni tundu la katikati. Hii ndiyo watu wengi hawaijui kabisa. Habu ya gari ina mdomo unaochomoza, na rimu ya kiwandani hukaa juu ya huo mdomo ikibana kabisa, ndipo ikae katikati sawasawa. Habu ya Probox ni milimita 54.1. Rimu ya Fit ina tundu la 56.1. Kwa hivyo ukifunga rimu ya Fit kwa Probox, matundu manne yanakubali, unafurahi, kumbe katikati kuna nafasi ya milimita moja kila upande. Gari likifika kilomita 80 kwa saa usukani unaanza kutetemeka, na wewe unaenda kulipia balansi mara tatu. Shida si balansi. Unahitaji pete ya habu, kipete cha nje 56.1 na ndani 54.1, kinachojaza hiyo nafasi. Ni kitu kidogo sana, na ndicho kinachokosekana.

Ukigeuza, mambo ni mabaya zaidi. Habu ya Subaru ni 56.1. Ukichukua rimu ya Toyota Wish, ambayo pia ni 5x100 lakini tundu lake ni 54.1, haiingii kabisa. Itagonga mdomo wa habu na kubaki imening'inia, na fundi mwenye haraka atakaza nati kwa nguvu zote akidhani anaivuta ikae. Haikai. Imeegemea mdomo tu.

Namba ya tatu ni nyuzi za nati. Toyota, Honda na Mazda nyingi za saizi hii hutumia milimita 12 kwa nyuzi za 1.5. Subaru na Nissan hutumia 12 kwa 1.25. Nati ya Toyota kwa bolti ya Subaru itaingia mizunguko miwili, kisha itakuwa ngumu. Mwenye wili spana ndefu atasukuma tu kwa mguu. Hapo umekula nyuzi zote mbili, na unaondoka ukiamini imekaza.

Namba ya nne si namba, ni umbo. Honda za kiwandani hukalia nati yenye kichwa cha duara kama mpira. Rimu nyingi za alumini za Toyota hutaka nati yenye shingo na washa bapa. Rimu nyingi za dukani hutaka nati yenye pembe kama koni. Sasa weka nati ya koni kwa kikalio cha duara: inagusa kwa mstari mwembamba tu badala ya kukalia eneo zima. Leo imekaza, wiki ijayo imelegea, na hakuna mtu ameigusa. Wasee, ukinunua rimu, nunua na nati zake. Hii peke yake ingeokoa watu wengi sana.

Namba ya tano ni ofseti, ile imeandikwa ET ndani ya rimu. Inakuambia rimu itakaa ndani au nje kiasi gani. ET kubwa inavuta tairi ndani, ET ndogo inalitoa nje. Na spesa inapunguza ET kwa unene wake. Hapa hesabu ni ya darasa la nne, lakini hatuifanyi.

Tuseme Subaru yako ina rimu za upana wa inchi 6.5 zenye ET48. Umeona rimu tamu za 5x114.3, upana inchi 7.5, ET45. Hazikubali, kwa hivyo unatafuta zile spesa za kubadilisha duara, zenye bolti zake, unene milimita 25. Haya, 45 toa 25 ni 20. Kutoka 48 hadi 20 ni milimita 28 nje. Ongeza nusu ya ile inchi ya upana uliozidi, ambayo ni karibu 13. Tairi lako sasa limetoka nje kwa milimita 41. Hiyo ni senti nne na kitu! Ukibeba watu nyuma, fenda itakula tairi kwa kila tuta kutoka Soy hadi Matunda. Beringi ya gurudumu, iliyoundwa kubeba uzito mahali fulani, sasa inabebeshwa kama mtu aliyeshika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa. Usukani nao utavuta kila ukipiga shimo.

Kwa hivyo spesa zenyewe. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni sahani tupu, inavaliwa tu kwa bolti za gari. Hii inakuibia urefu wa bolti. Ile kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike angalau kina sawa na unene wa bolti. Bolti ya milimita 12 inahitaji mizunguko kamili 8 kwa nyuzi za 1.5, na kama 10 kwa nyuzi za 1.25. Hesabu kwa mkono. Ukiweka spesa na nati inazunguka mara tano tu kisha imebana, toa hiyo kitu ama uweke bolti ndefu. Na washa za hadhi ya mabati zilizopangwa kama chapati si spesa. Usiniletee.

Aina ya pili ina bolti zake: inafungwa kwa habu kwa nati zake, kisha rimu inafungwa kwa spesa. Hii ni salama zaidi ikiwa ni alumini ya kufuliwa na si ile ya kumiminwa, ikiwa ina mdomo wa kukaa kwa habu na mdomo mwingine wa kubeba rimu, na ikiwa bolti za gari hazichungulii nje ya spesa na kuzuia rimu kukaa bapa. Kabla ya kufunga, sugua kutu na uchafu wote kwa uso wa habu. Usipake grisi kwenye nyuzi. Kaza kwa mtindo wa nyota, kwa spana ya toki, ile inayolia klik ikifika kipimo. Toyota ndogo nyingi zinataka 103 Nm. Kisha endesha kati ya kilomita 50 na 100, urudie kukaza, nati za ndani na za nje. Kutoka hapa kwenda Eldoret na kurudi inatosha. Ukifika tu, kagua.

Kwa nini nasisitiza kukaza? Kwa sababu bolti hazibebi gari kama misumari inavyobeba kabati. Nati inafinya rimu kwa uso wa habu, na ule mkwaruzano wa nyuso mbili ndio unabeba kila kitu. Mfinyo ukipotea, rimu inaanza kucheza, na bolti inapindwa huku na huku kila mzunguko, kama waya unaoupinda mpaka ukatike. Tairi la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 500 kwa kilomita moja. Eldoret hadi Kitale ni kama kilomita 70. Hiyo ni zaidi ya mara 35,000 kwa safari moja. Sasa niambie tena vile "itazoea".

Wazee wangu, sasa narudi kwenu, kwa heshima zote. Mnaposema spesa yoyote ni kifo, mnakosea, na kosa lenu lina madhara. Porsche 911 Turbo za miaka ya 1970 zilitoka kiwandani zikiwa na spesa kwa magurudumu ya nyuma. Ujerumani, ambako kampuni kama H&R na Eibach huziuza kila siku, spesa ni halali barabarani mradi iwe na hati inayosema inafaa gari gani na rimu gani. Kwa hivyo kitu chenyewe kinaweza kufanya kazi. Mkikipiga marufuku kwa mdomo tu, kijana hatawaacha. Atawakwepa. Ataenda kufungiwa nyuma ya ukuta na mtu asiye na kipimo chochote, kwa sababu aliyekuwa na kipimo alikataa hata kuongea naye. Mfunze namba, usimtishe.

Na nyinyi wa "nimeendesha hivi miaka miwili na hakuna kitu", hiyo ni stori ya jaba. Bolti inayochoka haikutumii meseji. Inakaa sawa, sawa, sawa, halafu siku moja haiko. Hata mtu anayevuka reli bila kuangalia amevuka miaka miwili.

Wale wa "spana ya toki ni ghali", mbogi yenu ina watu wangapi? Wanane? Changeni mnunue moja, izunguke. Mlichanga ya stika na mkachanga ya taa za bluu. Hii ndiyo ya kuwarudisha nyumbani.

Sasa tufike kwa ile ambayo itanikosanisha na watu ninaowajua: Probox za abiria.

Mimi nikifunga spesa kwa gari langu, hatari ni yangu na ya nitakayekutana naye, na hiyo tayari ni deni kubwa. Lakini mama anayepanda gari pale steji kwenda Kitale hakuulizwa. Hajui kama gurudumu la nyuma kushoto limesimama kwa sahani ya milimita 20 iliyonunuliwa mkononi. Amelipa nauli, ameshika kuku na mtoto, amebanwa wanne kwa kiti cha watatu, wengine wako buti. Probox iliundwa Japani kama gari la mizigo, kilo 400, na ilikuja na matairi ya mizigo. Gunia la mahindi la kilo 90, weka matano, tayari ni 450, na hapo hata dereva hujamhesabu. Halafu juu ya uzito huo unaweka rimu ya gari dogo la familia, ambayo haikupimiwa mzigo huo, na tairi laini la mapambo, na spesa. Hiyo si staili. Hiyo ni kuwawekea watu wengine dau bila kuwaambia.

Tena sheria iko wazi. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na vifaa vyake vyote, pamoja na matairi, viwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo ndani. NTSA hukagua magari ya abiria kila mwaka. Lakini ukaguzi ni siku moja, na rimu hubadilishwa kwa dakika ishirini. Kwa hivyo msiniambie "lilipita inspekshen". Swali langu ni leo, saa hii, likiwa steji, limefungwa nini?

Wenye magari ya abiria, kama mnataka yapendeze, rangi ziko, viti viko, muziki uko. Au tafuteni rimu zinazokubali namba zote bila spesa. Zipo. Demio, kwa mfano, inalingana na Probox kwa matundu, kwa tundu la katikati na kwa nyuzi. Bado utaangalia ET, umbo la nati na uzito ambao rimu inaruhusiwa, lakini umeanza mahali pazuri. Ni kazi ya kutafuta siku mbili tatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na wewe msee unayesoma hii ukiwa umeshika simu kwa mkono mmoja na set ya rimu imelala kwa sitingi rumu, kesho nenda kwa fundi wako na maswali matano. Duara ni ngapi? Tundu la katikati ni ngapi, pete iko wapi? Nyuzi ni 1.5 ama 1.25? Kikalio cha nati ni koni, duara ama bapa? ET ikitolewa spesa inabaki ngapi? Akijibu yote, mlipe vizuri, na mlete watu wengine. Akicheka na kusema "wewe lete tu, itaingia", chukua rimu zako uende.

Fundi hatakasirika milele. Na akikasirika, heri fundi aliyekasirika kuliko gurudumu linalokupita kwa lami ukiliangalia, likielekea kwa watoto wanaotoka shule.